Handaki la ndani: henji zilijengwa za nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Singida, naishi Uingereza mwaka wa sita sasa. Juzi shule ya mwanangu ilitupeleka Avebury. Tukaona handaki kubwa la duara, tuta lake, na mawe yamesimamishwa ndani. Mtembezaji akatuambia ile ni henji, ina miaka zaidi ya 4,500, na haikuwa ngome kwa sababu handaki liko ndani ya tuta badala ya nje. Nikamuuliza, sasa ilikuwa ya nini? Akajibu "mambo ya ibada", akapita. Mwanangu ananiuliza kila siku ni ibada gani. Nimwambie nini? Na ni kweli kwamba ninyi wataalamu mkishindwa mnasema ibada?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la mwisho maana ndilo linalochoma: ni kweli. Katika kazi yetu ya akiolojia kuna mzaha wa siku nyingi kwamba kitu kisichojulikana matumizi kinaandikiwa "cha ibada", kinatiwa sandukuni, na watu wanakwenda kunywa chai. Mtembezaji wenu hakuwadanganya, ila aliwapa lebo mahali pa jibu.

Neno lenyewe tulimalize haraka. Waliozijenga hawakuziita henji. Jina hilo alilitoa Thomas Kendrick wa British Museum mwaka 1932, akilikata kutoka Stonehenge, lile duara maarufu la mawe makubwa kusini mwa Uingereza, na likashika. Maana yake ni uwanja wa duara uliozungushiwa handaki, na nje ya handaki kuna tuta, pakiachwa mlango mmoja, miwili, au kama Avebury, minne. Kichekesho ni kwamba Stonehenge iliyozaa jina haimo kwenye ukoo: pale tuta kuu liko ndani na handaki nje. Henji zenyewe zimetapakaa Uingereza, Scotland na Ireland, nyingi zikiwa za kati ya mwaka 3000 na 2000 KK. Kuna ndogo unazoweza kuzivuka kwa hatua thelathini, na kuna Durrington Walls, karibu na Stonehenge, ambayo upana wake ni karibu mita 500.

Sasa hilo la handaki kuwa ndani. Wewe umekulia Singida, boma unalijua. Miiba inaelekezwa nje, na kama kuna mtaro unachimbwa nje, ili fisi au mwizi aanguke kabla hajafika. Henji imegeuzwa. Adui akija anapanda tuta tu, anasimama juu, na wewe uko chini yake, mbele yako kuna shimo linalokuzuia wewe kumfikia. Watu hawa hawakuwa wajinga wa kukosea jambo hilo mara moja, sembuse kulikosea mara kadhaa kwa miaka elfu moja. Pale Avebury handaki lilikuwa na kina cha hadi mita 9, limekatwa kwenye mwamba wa chaki bila chuma chochote. Harold St George Gray alilichimbua kati ya 1908 na 1922, na chini kabisa akakuta sururu zao: pembe za kulungu, zimeachwa palepale kazi ilipoishia. Mlichokiona ninyi ni handaki lililojaa udongo wa miaka mingi, na tuta lililoota majani. Lilipokuwa jipya lote lilikuwa jeupe, la kuumiza macho siku ya jua.

Kwa hiyo vita tuviache. Lakini angalia: kusema haikuwa ngome ni kusema isivyokuwa. Mawazo juu ya ilivyokuwa yako mengi, na hayalingani uzito.

Wapo waliosema ni makaburi. Kuna henji zenye maiti, kweli. Arbor Low kule Derbyshire ina mtu aliyezikwa katikati, mawe yote ya chokaa yakiwa yamelala chini kumzunguka. Lakini henji nyingi kubwa hazina watu wa kutosha kuitwa makaburi. Ukizika mtu mmoja kwenye uwanja unaotosha kijiji kizima, basi uwanja haukujengwa kwa ajili yake. Pengine yeye ndiye aliletwa kwa ajili ya uwanja.

Wapo wanaotazama angani. Thornborough, kaskazini mwa Yorkshire, ina henji tatu zilizopangana kwenye mstari, kila moja na upana wa mita 240 hivi, na ya tatu imekaa upande kidogo. Wengine wakaona hapo nyota tatu za mshipi wa Orioni. Mimi sijashawishika. Vitu vitatu kwenye mstari usionyooka ni vingi duniani, na milango ya henji kwa ujumla inaelekea pande tofauti tofauti, hakuna kibla kimoja. Jua nitalirudia, maana habari yake ni tofauti.

Wapo waliosema ni magulio. Hoja hii inatoka kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ambako mashoka ya jiwe la kijani kutoka milima ya Great Langdale yalisafirishwa mbali sana, na baadhi ya henji zimekaa kwenye njia za kupitia milimani. Inawezekana. Ila gulio halihitaji handaki la mita 9. Kwa gulio unahitaji njia, maji na siku inayojulikana.

Wazo linalonivutia zaidi katika haya ya mwanzo ni la wale waliosema: ikiwa handaki linaelekea ndani, basi kinachozuiwa kiko ndani. Hapa lugha yetu inanisaidia kuliko Kiingereza, kwa sababu sisi tunalo zindiko. Mtu anazungusha mji wake zindiko ili ubaya usiingie. Sasa fikiria zindiko lililogeuzwa, linalozunguka kitu chenye nguvu ili kisitoke. Mwanaakiolojia Richard Warner aliitumia hoja ya namna hii kwa maboma ya Ireland, kama Navan, ambayo ni ya miaka elfu mbili na zaidi baada ya henji lakini nayo yana handaki ndani ya tuta, na hadithi za kale za Ireland zinayahesabu kuwa milango ya kuzimu. Kuzirudisha hadithi hizo nyuma hadi 2500 KK ni kuruka mto mpana mno kwa mguu mmoja, lakini umbo linafanana, na hoja ya "kizuizi kinachoelekea ndani" haihitaji hadithi ili isimame.

Hata hivyo, mawazo yote hayo yana kasoro moja, nami niliifundisha darasani kwa miaka bila kuiona. Yote yanachukulia kwamba siku ya kwanza watu walichimba handaki, wakainua tuta, kisha wakaanza kuitumia henji kwa kazi yake. Kama unavyojenga msikiti kwanza, ndipo watu waswali. Ushahidi wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba mara nyingi ilikuwa kinyume.

Twende Durrington Walls. Mwaka 1966 hadi 1968 barabara ilikuwa inanyooshwa kupita katikati yake, na Geoffrey Wainwright akapewa kazi ya kuchimbua njia hiyo kabla tingatinga hazijapita. Akakuta mashimo ya nguzo nene za miti zilizosimamishwa kwa miduara kadhaa, mmoja ndani ya mwingine, vyungu vilivyovunjika na mifupa ya nguruwe kwa wingi wa kutisha. Watu wakasema, naam, hekalu.

Kisha mwaka 1998 akaja Uingereza Ramilisonina, mwanaakiolojia wa Madagascar, ng'ambo tu ya bahari yetu. Mwenyeji wake, Mike Parker Pearson, alikuwa amefanya kazi naye miaka mingi huko Madagascar, akampeleka Avebury na Stonehenge amwoneshe. Ramilisonina hakuona fumbo. Kwao jiwe ni la wahenga, kwa sababu halifi, na mti ni wa walio hai, kwa sababu unaoza kama sisi. Basi Stonehenge ya mawe ni ya waliokufa. Wenzangu kadhaa walikasirika: Madagascar inahusiana nini na Wiltshire, jimbo lenye mawe hayo, na wametengana kwa miaka elfu nne na bahari mbili? Pingamizi hilo ni la haki. Lakini dhana nzuri unaipima kwa kuuliza inatabiri nini. Hii ilitabiri kwamba karibu na mawe ya wafu panapaswa kuwepo mahali pa walio hai, pa miti, na kwamba pawili hapo pameunganishwa. Durrington ya nguzo za miti iko kilomita tatu tu kutoka Stonehenge.

Kuanzia 2004 Parker Pearson na wenzake wakaenda kuchimbua mlango wa mashariki wa Durrington. Wakakuta nyumba. Nyumba ndogo za mraba, mita tano hivi kila upande, sakafu ya chaki iliyopondwa na kushindiliwa, meko katikati, na alama sakafuni kando ya kuta zilipokaa vitanda na makabati ya mbao. Wakakuta pia njia pana iliyoshindiliwa kutoka kwenye miduara ya nguzo hadi mto Avon, na Stonehenge nayo ina njia yake inayoshuka hadi mto huohuo. Pale Stonehenge, katika awamu zake za kwanza, kulizikwa majivu ya watu wengi. Durrington palikuwa na moto, nyama na takataka za karamu. Sisemi Ramilisonina alithibitishwa kwa kila neno. Nasema wataalamu wa nchi ile walikaa na mawe hayo karne nzima, na aliyewaambia watafute nyumba alitoka kisiwa cha Bahari ya Hindi.

Nguruwe wale wana habari yao. Meno yanaonyesha wengi walichinjwa wakiwa na miezi tisa hivi. Nguruwe huzaa majira ya kuchipua, kwa hiyo ukihesabu unafika katikati ya baridi. Na miduara ile ya nguzo ilielekea mahali jua linapochomoza siku fupi kuliko zote, mwishoni mwa Desemba. Hili ndilo jua nililosema nitalirudia. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tunachelewa kulielewa, kwa sababu jua letu halitutishi, linaamka saa kumi na mbili na kulala saa kumi na mbili mwaka mzima. Wewe mwenzangu umeshakaa huko majira sita ya baridi, unajua mchana wa Desemba usiotimiza hata saa nane za mwanga. Mtu aliyeishi kwa mavuno na mifugo chini ya anga hiyo alikuwa na kila sababu ya kukusanyika na ndugu zake, kula hadi kushiba, na kulitazama jua likigeuza safari.

Nao walitoka mbali. Utafiti uliotolewa 2019 ulipima isotopu, yaani alama za kikemikali zinazoonyesha mnyama alikulia wapi, za nguruwe 131 kutoka Durrington na maeneo mengine matatu ya kusini, Marden, Mount Pleasant na West Kennet, ukaona wengi hawakufugwa pale. Watafiti wakasema baadhi walitoka Scotland, kaskazini-mashariki mwa Uingereza na magharibi mwa Wales. Wapo waliosita kuhusu Scotland, wakisema vipimo kama hivyo vinaweza kupatikana karibu zaidi, nami nasita pamoja nao. Lakini kwamba watu waliswaga mifugo siku nyingi ili wafike karamuni, hilo nalikubali.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo swali lako linapogeuka. Wakati wa karamu zote hizo, wakati nyumba zina moshi na nguzo zimesimama, henji haikuwepo. Handaki na tuta vya Durrington vilikuja baadaye, baada ya kijiji kuishi muda mfupi, pengine usiofika hata miaka 50. Tuta liliwekwa juu ya sakafu za nyumba. Ndiyo sababu sakafu zimedumu: zilifunikwa.

Kuna zaidi, na hapa nitawacheka wenzangu kidogo. Mwaka 2015 vyombo vya kupima ardhi vilionyesha vitu vikubwa chini ya tuta, magazeti yakatangaza safu ya mawe yaliyozikwa, hadi 90, Stonehenge nyingine kubwa zaidi. Mwaka 2016 wakachimbua. Hapakuwa na jiwe hata moja. Palikuwa na mashimo ya nguzo kubwa, nguzo zenyewe zimeng'olewa wima muda mfupi baada ya kusimamishwa, mashimo yakajazwa chaki, kisha tuta likapita juu. Chini ya shimo mojawapo kulikuwa na sepetu iliyotengenezwa kwa mfupa wa bega la ng'ombe. Mtu alibadilisha mawazo, au kundi moja lilishinda jingine. Waliacha mpango wa nguzo, wakachagua tuta.

Na Durrington si peke yake. Kwenye ukingo wa Avon, pale njia ya Stonehenge inapoishia mtoni, mwaka 2008 na 2009 iligunduliwa henji ndogo ya West Amesbury. Hapo kwanza palikuwa na mduara wa mawe. Mawe yakang'olewa, yakaondolewa. Baada ya hapo ndipo pakazungushiwa handaki na tuta, kuzunguka mahali ambapo hapakuwa tena na kitu.

Kwa hiyo mwanaakiolojia Alex Gibson na wengine wamesema henji nyingi ni namna ya kufunga, na mimi nimehamia upande wao. Tuta ni kama wigo unaowekwa kwenye mahame. Mahali palikuwa na watu, nguzo, damu ya nguruwe, ndoa zilizopangwa na ugomvi uliosuluhishwa, pakawa na uzito. Wakati fulani watu wakaona hapawezi kuachwa paote magugu kama shamba la mtu yeyote. Wakapazungushia. Handaki kuwa ndani sasa halinishangazi hata kidogo: uzito uko ndani, na mpaka unaelekea huko.

Kwa nini wakati ule hasa? Henji kubwa za kusini zilijengwa karibu na mwaka 2500 KK, na upesi. Mount Pleasant kule Dorset, yenye tuta, ukuta wa magogo na mengine mengi, imepimwa upya na kuonekana ilijengwa yote ndani ya miaka kati ya 35 na 125. Wakati huohuo walikuwa wanaingia watu wapya kutoka bara la Ulaya, wenye shaba na vyungu vya namna yao, na uchunguzi wa vinasaba uliotolewa 2018 unaonyesha kwamba ndani ya karne chache karibu asilimia 90 ya nasaba ya kisiwa kile ilikuwa ya wageni hao. Siwezi kukuapia kwamba mambo haya mawili yameshikana. Lakini jamii inayoona zama zake zinaondoka ina sababu ya kuweka mipaka mikubwa kuzunguka mahali pa wazee wake.

Jambo jingine ambalo wageni wa Avebury hulisahau, kwa sababu wanakuta kazi imekwisha, ni kazi yenyewe. Handaki la Stonehenge lilichimbwa vipande vipande kisha likaunganishwa, kana kwamba kila kundi lilipewa sehemu yake. Ukiwahi kushiriki msaragambo unajua kwamba barabara inayochimbwa ni nusu ya sababu. Nusu nyingine ni nani alikuja, nani alituma mwanawe badala yake, nani alipika, na nani hatasahauliwa kwamba hakuonekana. Watu waliotoka mbali na kuchimba pamoja wanarudi kwao wakiwa kitu kingine. Inawezekana kabisa kwamba kwa baadhi ya henji kuchimba ndiko kulikuwa sherehe, na duara ni kile kilichobaki.

Nikwambie pia kwamba hazikukaa na kazi moja. Maumbury Rings, kule Dorchester, ilianza kama henji yenye mashimo marefu yaliyochimbwa kuzunguka ndani yake. Warumi wakaigeuza uwanja wa michezo, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe karne ya 17 ikatiwa mizinga, baadaye ikawa mahali pa kunyongea watu. Knowlton ina kanisa la karne ya 12 katikati, sasa gofu. Na Avebury umeona mwenyewe, kijiji kimeingia ndani na baa yake. Ukimuuliza mzee wa Avebury wa karne ya 18 henji ni ya nini, angekwambia ni ya kuvunjia mawe ya kujengea nyumba.

Na mwanao? Mwambie hivi: hapo palikuwa mahali ambapo watu wa ukoo mkubwa walikutana miaka mingi, na siku moja wakaamua pasiguswe tena ovyo, wakapazungushia shimo na mlima kwa mikono yao. Akikuuliza "ibada gani", mwambie ile ambayo hata sisi tunaifanya tukinyamaza mbele ya kaburi la bibi bila kuambiwa na mtu. Halafu msiishie Avebury. Nendeni Woodhenge, kaskazini kidogo ya Amesbury, hakuna kiingilio. Mtaona vinguzo vifupi vya zege vimewekwa mahali zilipokuwa nguzo za miti. Kutoka hapo uwanja wa pili ni Durrington Walls. Wengi wanaupita na gari bila kujua, kwa sababu tuta limelimwa karne kwa karne hadi limekuwa mteremko tu wa majani. Msimame ndani, mtelemke upande wa mashariki kuelekea mtoni, mtakuwa juu ya zile nyumba. Mkiweza, nendeni wiki ile ya kabla ya Krismasi, mapema, na chupa ya chai ya tangawizi. Huko jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi, kwa hiyo hamtahitaji kuamka usiku.